Hazel na Foleni ya Samaki

Kila Ijumaa baada ya shule, Hazel alipitia duka la chipsi la Bi Ogden kununua samaki wa kukaanga wa bibi yake. Ijumaa hii alikuwa na haraka. Bibi alikuwa ametoka hospitalini jana, baada ya wiki mbili za supu, na alikuwa ameapa, "Usiponiletea samaki leo, nitatafuna kitambaa cha meza!"

Mkobani mwa Hazel mlikuwa na kazi ya nyumbani. Mwalimu alikuwa amempa kila mwanafunzi kitenzi kimoja cha Kiingereza, aeleze maana na matumizi yake. Hazel alipata queue, yaani kupanga foleni. Kazi rahisi, alijisemea.

Alipofika, foleni ilikuwa imefika hadi nje, kwenye duka la maua. Lakini rafiki yake Gemma alikuwa karibu na kaunta. "Njoo, nimekuwekea nafasi!" Hazel akaingia. Nyuma yake watu walikohoa. Akajifanya hasikii.

Punde mwanamume mwenye koti la kijani akaja kumsalimia jirani yake aliyekuwa mbele yao. Salamu zikaisha, yeye akabaki palepale. Watu wakasonya, wakatazama viatu vyao. Ndivyo walivyo watu wa mji ule: hukasirika kimyakimya.

Hazel hakunyamaza. "Bwana, mwisho wa foleni uko kule nje."

"Katoto kana mdomo haka!" mtu yule akacheka. "Na wewe je? Hukuchomekea kwa rafiki yako? Nimekuona nikiwa kule nje."

Uso ukamwaka Hazel.

"Samaki wamebaki watano tu, wapenzi!" Bi Ogden akatangaza.

"Nyamaza, usitoke," Gemma akamnong'oneza.

Hazel alimfikiria bibi. Kisha akainua kidevu. "Ni kweli, nimechomekea. Basi twende nyuma sote wawili. Mimi natangulia."

Akatoka. Sasa watu hawakutazama viatu tena. Walimkazia macho mwenye koti. Akamfuata Hazel akinung'unika.

Samaki wakaisha. Wengi wakaondoka, mwenye koti naye akaondoka. Hazel hakusogea.

"Unangoja nini, mwanangu?" Bi Ogden aliuliza.

"Samaki wa bibi. Nitangoja mpaka mfunge."

Bi Ogden akamtazama, kisha akafungua friji. "Kuna kipande cha samaki nilichojiwekea kwa chakula cha jioni. Ngoja nikikaange."

Nyumbani, Bibi alikisikiliza kisa chote huku akila.

"Sasa unaweza kuandika maana yake," alisema. "Kupanga foleni ni kumheshimu aliye nyuma yako, hata kama una rafiki mbele. Na ukitaka kumkemea mwingine, anza na miguu yako mwenyewe, kama ulivyofanya. Haya, nisogezee siki."