Shangazi na Ukuta wa Hospitali

Shangazi alivunja vigae sebuleni kila asubuhi, kwa nyundo ndogo. Katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kutembea pekupeku. Kwa vipande hivyo alikuwa ametengeneza picha za ukutani kwa miaka arobaini. Picha kubwa iliyo kwenye ukuta wa hospitali ni kazi yake.

Siku moja binti wa kaka yake, msusi wa nywele, alisoma habari za ukuta huo kwenye simu. Zilisema, "Fundi hajulikani." Shangazi alicheka aliposomewa, lakini siku hiyo hakumaliza chakula chake.

Msusi akaamua kumwandikia ukurasa kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kawaida. Aliandika, "Shangazi yangu ni msanii bora kuliko wote, na ana roho nzuri." Baada ya wiki mbili wahariri wakaukataa.

Akamwendea mkutubi, jirani yao wa ghorofa ya chini.

"Wamemkataa shangazi yangu," alisema.

"Hawajamkataa yeye. Wamekataa maneno yako," mkutubi alijibu. "Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na wewe ni damu yake. Nani mwingine ameandika juu yake? Mtu asiye ndugu, asiye rafiki, wala asiyelipwa naye."

"Kuna tangazo la maonyesho. Lina jina, tarehe na saa."

"Halitoshi, dada. Tunataka mtu aliyeitazama kazi, akaieleza kwa urefu, na maneno yake yakachapishwa. Tena asiwe mmoja tu."

Maktabani walipata kitabu cha makumbusho. Kurasa nne zilieleza kazi za shangazi.

"Tutafute na kingine," mkutubi alisema.

Msusi alikuwa akitandika kitanda cha shangazi kila wiki, na alijua kilichokuwa chini ya godoro.

"Lipo gazeti la zamani," alisema. "Lakini mwandishi ameiponda kazi yake ukurasa mzima. Anasema rangi zinapigana na watu hawana shingo."

"Amemtukana yeye, au ameijadili kazi?"

"Ameijadili kazi."

"Basi ni ushahidi mzuri. Anayelaumu kwa makini naye ametazama kwa makini. Ila ukilitumia, lawama zake uziandike pia. Usifiche."

Hapo msusi aliona haya, kwa kuwa shangazi hakujua kwamba ameliona gazeti hilo. Jioni alimweleza shangazi yote. Mzee huyo aliweka nyundo chini.

"Gazeti lile liliniumiza sana, mwanangu. Hizo shingo, vigae vilikuwa vimeniishia." Akafikiri. "Jina langu aliliandika sawasawa?"

"Sawasawa, shangazi. Mara kumi na moja."

"Haya, kalichukue."

Msusi akaanza upya. Aliondoa sifa zake zote. Kila jambo aliloandika, alionyesha limetoka wapi: jina la gazeti au kitabu, tarehe na ukurasa. Pia alisema wazi kwamba msanii huyo ni shangazi yake, ili wahariri wapime wenyewe.

Safari hii ukurasa ulikubaliwa.

Shangazi alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili. Alisoma jina lake kamili kwa sauti. Akashuka mpaka kwenye lawama, akazisoma nazo bila kuruka neno. Kisha akarudi kwenye jina, na machozi yakamtoka.

"Sikujua," alisema, "kwamba miaka yote hii nilikuwa nalisubiri."