Swali Ambalo Kipaza Hakulifikisha

Kila alipotoka shule, Kipaza alitua mkoba wake kando ya cherehani ya Mama Mdogo na kuuliza, "Leo kuna maneno?"

Maneno ndiyo yalikuwa kazi yake. Familia yao iliishi ugenini. Baba, mwokaji mikate, alihamia nchi ile Kipaza akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo lugha ya pale ilimtoka mtoto huyo kama maji. Mama Mdogo, mke mpya wa Baba, lugha hiyo ilikuwa bado inampiga chenga. Mteja akileta suruali ya kupunguzwa, mfamasia akieleza dawa, mwalimu akitaka kuzungumza na mzazi, yote yalipitia kinywani mwa Kipaza. Ndiyo maana Baba alimbandika jina hilo, kwa kuwa alirudia kila kilichosemwa kama kipaza sauti.

"Huyu anataka upunguze pindo, lakini si sana," alitafsiri siku moja, mteja akiwa amesimama mlangoni.

"Si sana ni kiasi gani? Muulize vizuri. Mimi ni fundi, si mpiga ramli," alijibu Mama Mdogo, pini zikiwa zimebanwa midomoni.

Kipaza aliipenda kazi hiyo, na zaidi alimpenda huyo aliyemfanyia. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa hajaanza kutambaa. Kwa miaka mingi alirudi kwenye nyumba iliyofungwa, akafungua mlango mwenyewe, akala peke yake. Sasa alirudi akamkuta mtu. Jambo hilo lilikuwa zuri mno hata aliogopa kulizungumzia, lisije likaponyoka.

Jioni hiyo Baba aliweka karatasi mezani. Mama Mdogo aliingia nchini kama mke wake, lakini kibali chake cha ukaazi kiliandikwa jina la baba yake mzazi, kwa sababu ndilo lililokuwa kwenye pasipoti. Sasa alikuwa amepata pasipoti mpya yenye jina la mumewe, na kibali nacho kilitakiwa kibadilishwe ili viwili hivyo vifanane.

"Keshokutwa mtakwenda ofisi ya uhamiaji," Baba alisema. "Mimi tanuri haliniruhusu. Kipaza, utamsemea mama yako."

Lingekuwa jambo la kawaida, laiti Kipaza asingemsimulia rafiki yake wa dawati moja. Rafiki huyo hakuwahi kusimulia kitu bila kukitia chumvi.

"Uhamiaji?" alinong'ona. "Ohoo. Kuna mtu mtaani kwetu walimkuta na majina mengi, wakasema huyu tapeli. Alipandishwa ndege na ndala zake miguuni, hata viatu hakuvaa."

Kipaza alipiga hesabu kimoyomoyo. Mama Mdogo alikuwa na jina la baba yake, na sasa jina la mumewe. Lakini kulikuwa na la tatu. Zamani, kabla hajakutana na Baba, aliwahi kuolewa, mume akafariki, naye baadaye akarudia jina la baba yake. Pasipoti yake ya kwanza kabisa ilikuwa na jina la huyo marehemu. Kipaza aliwahi kuiona kwenye begi la nguo. Majina matatu yalikuwa mengi.

Ofisi ya uhamiaji ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, na watu waliokaa kimya kama wanaosubiri kung'olewa meno. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Hakuwa mkali. Aliuliza, Kipaza akatafsiri, Mama Mdogo akajibu, na mambo yalikwenda vizuri hadi afisa alipofika chini ya ukurasa.

"Muulize kama amewahi kutumia jina lolote zaidi ya haya mawili," alisema. "Na mwambie kuwa anayetoa maelezo ya uongo anaweza kunyang'anywa kibali na kurudishwa alikotoka."

Kipaza aliiona ile ndege. Aliziona zile ndala. Alimgeukia Mama Mdogo, na kilichomtoka hakikuwa swali lile.

"Anauliza kama umeizoea baridi ya hapa."

Mama Mdogo alitabasamu. "Mwambie mimi na baridi tunaheshimiana, lakini bado hatujapatana."

Kipaza alimgeukia afisa. "Amesema hapana. Hajawahi."

Afisa alivaa miwani. Aliitazama kompyuta kwa muda mrefu, akamtazama Mama Mdogo aliyekuwa bado anatabasamu, kisha akaitazama kompyuta tena.

"Basi atie saini kuwa yote aliyoyasema ni kweli," alisema. "Halafu Alhamisi arudi na pasipoti zake za zamani. Zote, binti."

Mama Mdogo alitia saini taratibu, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kukata kitambaa cha watu. Walipotoka nje aliuliza afisa alisema nini mwishoni.

"Turudi Alhamisi kuchukua jibu," alisema Kipaza, na uongo wa kwanza ukawa umeshapata mdogo wake.

Siku zilizofuata hakuwa na raha. Chakula alikisukuma upande huu wa sahani, kisha upande ule, na sahani ikaondolewa vilevile. Wasipopeleka ile pasipoti ya kwanza, afisa angesema wanaficha. Wakiipeleka, angeliona jina la tatu. Kila alikogeuka alikuta ukuta. Tena saini iliyokaa chini ya uongo ule haikuwa yake. Ilikuwa ya Mama Mdogo, ambaye hakujua ametilia nini saini.

Jumatano alasiri mlango uligongwa. Kipaza alichungulia dirishani, akamwona mwanamume mwenye sare na jalada mkononi.

"Usifungue, Mama," alisema, akimng'ang'ania mkono. "Tafadhali usifungue. Wamekuja kukuchukua."

"Anichukue nani? Huyo si mtu wa mita ya umeme?"

Kweli alikuwa ni yeye. Alisoma mita yake, akaaga, akaenda zake. Lakini Kipaza alikuwa amekwisha kaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Mama Mdogo aliiacha cherehani, akaja kukaa naye chini. Hakumharakisha. Aliokota pini moja baada ya nyingine hadi mtoto alipofungua kinywa na kusema yote.

Uso wa Mama Mdogo ulishuka.

"Lile jina nililitaja mwenyewe ubalozini, nilipoomba kuja," alisema polepole. "Wanalo. Kwa hiyo kule nilisema ndiyo na hapa nimesema hapana, na saini zote mbili ni zangu."

Kwa mara ya kwanza Kipaza aliuona woga machoni mwake, na woga huo ulimtisha kuliko wake mwenyewe.

"Nilitaka wasikurudishe," alilia.

"Najua, mwanangu."

Baba aliporudi na kusikia habari hiyo, alikaa kitini unga ukiwa bado nyweleni, kichwa mikononi. "Maji yakishamwagika hayazoleki," alisema.

"Hayazoleki," alijibu Mama Mdogo, "lakini sakafu hupigwa deki. Kesho tunakwenda wote watatu. Tanuri litajijua."

Alhamisi Kipaza alitembea nyuma ya wazazi wake. Alidhani Baba ndiye atakayesema, lakini walipofika mezani Baba alimgusa bega. "Ulilisema wewe. Lisahihishe wewe. Niko nyuma yako."

Kipaza alipiga moyo konde. Aliiweka ile pasipoti ya kwanza mezani.

"Ile hapana ilikuwa yangu," alisema. "Yeye sikumuuliza. Nilimuuliza habari za baridi. Naomba usimrudishe kwa kosa langu."

Afisa aliifungua pasipoti ile, akalisoma jina, kisha akavua miwani.

"Siku ile mama huyu alitabasamu," alisema. "Hakuna anayetabasamu nikimuuliza swali lile. Nilihisi halikumfika. Ndiyo maana sikulipeleka ombi kwa wachunguzi, nikawapa hadi leo. Mngekuja mkaishikilia ile hapana, ningelipeleka, na huko mimi sina sauti."

Kisha alimwita mkalimani wa ofisi, mtu mzima. Alisema kazi ile haikupaswa kuwa ya mtoto tangu mwanzo, na kwamba ofisi nayo ilikosea kuiruhusu. Mama Mdogo aliingizwa chumba cha ndani na mlango ukafungwa. Kipaza alibaki kwenye viti vya plastiki, mkono wake ndani ya mkono wa Baba, akiuogopa kila mlango uliofunguliwa.

Mama Mdogo alitoka akiwa ameshika stakabadhi. Maelezo ya zamani yalikuwa yamefutwa na mapya kuandikwa. Kibali chenye jina jipya kingetoka baada ya wiki chache. Baba alishusha pumzi kwa nguvu hadi watu wakageuka.

Nje, Mama Mdogo alisimama akamtazama Kipaza.

"Ameniuliza swali lilelile. Nikamwambia ndiyo, niliolewa, mume wangu akafa, nikamlilia. Ni hilo tu ulilokuwa unalificha." Alimfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Sikiliza. Maneno ya mtu ni amana. Ukipewa uyafikishe, yafikishe yalivyo, hata yakikutisha. Ukweli wangu niliweza kuubeba mwenyewe. Uongo wako ndio uliotushinda kuubeba sote."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini sitaki tena mtu anijibie. Hebu nifundishe. Kwa lugha yao, 'ndiyo, niliwahi' husemwaje?"

Kipaza alimwambia. Mama Mdogo alirudia, akakosea, akarudia tena, na waliendelea hivyo njia nzima hadi ulimi ukakubali.