Bafu la Kuonyeshea Wateja

"Nimesema na narudia, na huyu mgeni wako asikie: bafu hilo litamtoa mama yako roho," alisema mshonaji, kasimama katikati ya uwanja, mkono kiunoni, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni.

"Na mimi nakuomba, jirani, shughulikia cherehani yako," alijibu fundi vigae. "Hapa niko na mteja."

"Ndiyo maana nasema sasa hivi. Ukiwa peke yako huna masikio."

Mteja, bwana wa viatu vilivyopigwa rangi vizuri, alikohoa akatazama saa. Watu wawili watatu waliokuwa wakipita walikumbuka ghafla kwamba hawana haraka. Ugomvi wa majirani, wenzangu, hauna kiingilio.

"Juzi mama yako alikuja nimpime gauni," mshonaji aliendelea. "Akataka mikono mirefu, joto lote hili. Nikashangaa. Nilipomwinua mkono, weusi mtupu, kuanzia kiwiko mpaka begani. Wewe kakuambia nini?"

"Kagonga kabati."

"Basi kabati hilo lina vigae."

Kicheko kilitoka kwa wapita njia. Mteja akasema atapiga simu, na kila fundi anajua maana ya mteja anayesema atapiga simu. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea, kisha akamgeukia jirani yake, mishipa ya shingo imemsimama.

"Umenifukuzia riziki mbele ya macho yangu. Kuanzia leo, mimi na wewe hata salamu basi."

Sasa niwaambie huyu fundi ni nani, msije mkamdhania mtu mbaya. Mtaani walimwita Kioo, kwa sababu kigae alichokilaza yeye ungeweza kukichungulia ukahesabu meno yako. Alikuwa akiishi na mamake, wawili tu, na alimpenda kama mboni ya jicho. Alipomaliza kuijenga nyumba alisema mama yake ataoga mahali ambapo hata matajiri hawajaogea. Akalivika bafu vigae vyeupe kuanzia chini hadi darini, vile vya kuteleza macho. Akaweka kizingiti cha urefu wa shubiri moja, ili tone la maji lisitoke. Akaweka mlango mzito unaofunguka kwa ndani, na komeo la shaba. Akabandika kwa gundi chuma cha kuanikia taulo, kinang'aa kama pete. Halafu akaanza kuleta wateja waje waone. Wengine wana duka, wengine wana picha kwenye simu. Kioo alikuwa na bafu la mama yake.

Na mama, kila akisikia mteja anakuja, alikuwa akiinama na sabuni na brashi, anasugua sakafu mpaka inawaka. Miaka sabini na minne, anasugua. Furaha yake ilikuwa kusikia mgeni akisema "loo" pale mlangoni.

Jioni ile fundi alimuuliza, "Mama, ule mkono, ulianguka?"

"Mwanangu, mdomo wa yule mwanamke hauna kizibo. Si nilikuambia kabati?" Akakunja nguo moja, kisha nyingine. "Ila siku ukipata nafasi, uniwekee hata kamba ya kushika mle ndani."

"Kamba, mama? Watu wakiingia watauliza kama nafuga mbuzi humo."

Mama akacheka. Naye akacheka. Mkono wenyewe hakuutazama.

Siku ya nne baada ya ugomvi, saa nne na nusu asubuhi, Kioo alikuwa kapiga magoti kwenye jengo la ghorofa, analaza vigae vya ukumbi. Saruji ikishachanganywa haikungoji. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa kwa vidole viwili: mshonaji. Akaikata. Ikatetemeka tena, akaikata tena. Mara ya tatu akaizima sauti na kuigeuza kifudifudi juu ya mfuko wa saruji.

"Mdai?" aliuliza mwenzake aliyekuwa akikata vigae.

"Kiherehere," alisema Kioo, akaendelea kusawazisha.

Alilaza vigae sita. Nawaambia idadi kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuisahau. Alipoinuka kunyoosha mgongo, akaitazama simu. Simu kumi na moja, na ujumbe mmoja: *Mama yako kajifungia bafuni. Alikuwa ananijibu. Sasa hajibu.*

Mwiko ulibaki pale pale kwenye saruji.

Aliwakuta majirani ukumbini kwake, wamesimama ndani ya maji. Mshonaji alikuwa na gauni jipya begani, limelowa. Mama alikuwa aje kulijaribu saa tatu, na alipokawia, mshonaji akaona heri aingie pale alipokatiwa hata salamu kuliko kukaa na wasiwasi. Alibisha hodi mlango wa nje, hakuitikiwa. Alipoingia akakuta maji yanapita chini ya mlango wa bafu, yamekwisha kupanda kizingiti.

"Koki ya nje nimeifunga," alisema, hana hata muda wa kumlaumu. "Lakini yaliyomo ndani hayatoki. Nafikiri taulo limeziba tundu la kutolea maji."

Fundi akausukuma mlango. Ukalegea kwenye komeo upana wa kidole, ukagota kwenye kitu laini. Akauachia kama kaungua. Alijua amegusa nini. Mlango unafunguka kwa ndani, na nyuma yake kalala mama yake. Kuusukuma ni kumponda. Bawaba ziko upande wa ndani, komeo ndani. Kijidirisha cha hewa kiko juu, hata paka angejibana. Kila kitu mle alikiweka yeye kwa mikono yake, na kila alichokiweka kilikuwa kikimzuia.

"Mama," aliita, shavu kaligandisha kwenye ubao.

Maji tu yalikuwa yanacheza taratibu upande wa pili.

"Mama, nitabomoa ukuta."

Ndipo ikaja sauti, nyembamba kama uzi. "Usivunje vigae, mwanangu. Kesho una mgeni."

Watu waliokuwa pale waliinamisha vichwa. Kioo alizunguka mpaka stoo iliyopakana na bafu, akachukua nyundo na tindo, akaupapasa ukuta. Alikuwa akijua mabomba yanapita wapi na mama kalala wapi. Akachagua pembe ya mbali. Pigo la kwanza, la pili, la tano. Kazi yake ilikuwa imara, ndiyo iliyompa sifa, na asubuhi ile aliulaani kila mfuko wa saruji aliowahi kuuchanganya vizuri. Vumbi likamjaa kinywani. Tofali la kwanza lilipotoka akasikia vigae vikidondoka majini, vipande vipande.

"Ongea naye, asilale," alimwambia mshonaji.

"Bibi," mshonaji aliita mlangoni, "hili gauni nimelipunguza kiunoni. Umekonda au nilikosea kupima?"

Nyundo ilipiga mara tatu kabla jibu halijaja: "Ulikosea."

"Sawa. Nikosoe tena."

Tundu lilipotosha mabega, Kioo akajipenyeza. Alitanguliza mguu, akakanyaga vigae vyake mwenyewe, vimejaa maji na sabuni, na kabla hajaushusha wa pili, dunia ikampindukia. Akaangukia kiwiko. Mwanamume wa miaka arobaini, misuli ya kubeba saruji, hakuwa na kitu cha kushika. Ukuta wote ulikuwa laini kama yai. Alibaki kaketi majini kitambo kifupi, kiwiko kinawaka moto, akijua weusi utatokea mahali palepale mama alipokuwa na wake.

Akatambaa kwa magoti. Mama alikuwa kalala ubavu, maji yamemfika kidevuni, midomo imebadilika rangi. Mkononi bado alikuwa kakishika kile chuma cha taulo, na kigae chake kimeng'oka nacho. Alikuwa amekidaka alipoteleza, nacho kikaja.

Kioo alikiinua kichwa cha mama kikatoka majini, akang'oa taulo kwenye tundu la maji, akamsogeza shubiri moja tu, akafikia komeo.

Hospitali walisema nyonga imevunjika, na kwamba baridi ile ya maji ingeendelea kidogo tu, pengine wasingekuwa na wa kumtibu. Alilazwa wiki saba. Alirudi, tushukuru, lakini hakurudi yule aliyeondoka. Sasa anatembea kwa fremu ya chuma, hatua moja kisha anapumzika, na kwenda sokoni peke yake kumebaki hadithi.

Kioo hakumngoja arudi ndipo aanze. Alibomoa bafu lote. Chini akalaza vigae vidogo vya kukwaruza, vyenye maungio mengi. Kizingiti akakiondoa, sakafu akaipa mwinamo maji yaende yenyewe. Mlango sasa unafunguka kwa nje, na komeo lake mtu wa nje anaweza kulifungua kwa sarafu. Penye choo na penye bomba la mvua kuna vishikio vilivyofungwa kwa skrubu ndefu zilizoingia ndani ya tofali. Fundi alivijaribu kwa kuning'inia mwenyewe, miguu juu. Kuna kiti cha kuogea, na taa ambayo swichi yake haitafutwi kwa kupapasa.

FUNZO

Wenzangu, tuna tabia ya kuwajengea wazee wetu vitu vya kutupatia sisi sifa, kisha tunaita hayo mapenzi. Mzazi akikwambia kagonga kabati, mwinue mkono utazame. Huenda anakuficha kwa sababu anaogopa kukuaibisha, na mzee akiomba kamba ameomba mengi kuliko anavyosema. Ingia bafuni kwenu leo, vua viatu, mwaga maji, kisha ujiulize: nikiteleza hapa, mkono wangu utashika nini? Kama jibu ni chuma cha taulo, kazi unayo. Na jirani anayekuudhi kwa jambo la kweli, usimzimie simu. Vigae sita ni muda mrefu sana kwa mtu aliye ndani ya maji.

Najua bado mna swali, maana nawajua: Kioo na mshonaji je? Wiki mbili alikuwa akipita mlangoni kwake bila kujua aanzie wapi. Siku moja mchana akajikaza, akabisha, akasimama kizingitini kakunja kofia mkononi. Ndani, mshonaji alikuwa ametandika mkeka, sufuria ndiyo kwanza imefunuliwa.

"Jirani, nimekuja... yale maneno ya siku ile, mimi..."

"Msamaha wa mtu mwenye njaa huwa na makosa mengi," alisema mshonaji, akimsogezea beseni la maji. "Nawa mikono, kaa, ule."