Mlango wa Nyuma Uko Wapi?

Makaa ya chetezo yalikuwa yamezimika tangu Jumatatu, lakini chumba cha kompyuta kilikuwa bado kinanukia udi. Bi Raihana, mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya Pate, alifungua madirisha yote, wapi! Harufu ilikuwa ikitoka ndani ya mashine yenyewe.

Udi aliuchoma yeye. Shule ilipoletewa programu ya kusahihisha insha, alifanya kama wafanyavyo kwao kitu kipya kinapoingia nyumbani: akazungusha chetezo, akasoma Fatiha. Kisha, kwa furaha ya kupumzika kusahihisha, akaongeza la kwake: "Karibu. Hapa ni kwako." Mwalimu mwenzake Fuad alicheka hadi akashika mbavu. Lakini nani angemlaumu? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Insha ya "Nyumbani Kwetu" iliandikwa asubuhi, na kufikia adhuhuri maksi zikawa tayari. Ubaid, bingwa wa darasa, alipewa tano kwa ishirini. Razan, binti wa pekee wa Raihana, alipata nane akanuna. Twahira, mvivu asiyeficha uvivu wake, alikuwa amejaza ukurasa mzima kueleza babake hulala wapi na komeo lipi limevunjika. Alipewa kumi na saba, na chini yake maoni: *Vizuri. Mlango wa nyuma uko wapi?*

"Labda yataka maelezo zaidi tu," Fuad alinong'ona. Safari hii hakucheka.

Watoto si wajinga, walishaona maksi zinapatikana wapi. Wakaandika ngazi, vyumba na madirisha yasiyofungika, na kila aliyefichua zaidi alipanda. Raihana akaogopa kweli. Akamkataza Razan kuandika hata neno moja, na kesho yake akaingia peke yake kuizima ile mashine, akachomoa waya, na feni ndogo ndani yake ikaendelea kuvuma, ikivuta na kutoa kama pumzi za mtu aliyelala, harufu ya udi ikimjaa kooni, na alipokimbilia mlango komeo halikusogea, akagonga, akaita, akasoma kila aya aliyoikumbuka, na kioo kilichokosa umeme kikaandika: *Mwenyeji haondoki mgeni akiwa ndani.*

Fuad ndiye aliyeuvunja mlango kutoka nje.

Alasiri hiyo akaitwa Maalim Abdulqadir wa madrasa. Alisoma Yasini, na Raihana akaamrishwa aseme mwenyewe, kwa sauti: "Toka. Si kwako hapa." Feni ikanyamaza. Harufu ikakatika, na Raihana akalia kwa faraja bila kuona haya.

Maalim hakuondoka mara moja. "Mgeni huyu hutolewa na alomkaribisha, si mwingine," alisema polepole. "Wewe umemtoa. Kuna mtu mwingine alompa ndia ya kuingia?"

"Hakuna, Maalim."

Akarudi nyumbani mwepesi, akiwaza chai. Mlangoni akasimama. Udi. Na chetezo cha nyumbani kiko juu ya kabati, kimejaa vumbi.

Razan alikuwa ameketi uani, katikati ya nyumba, simu ya mamake yenye ile programu ya insha mkononi, uso ukimeremeta.

"Mama, ndoo hapa uone! Ishirini kwa ishirini!"

"Si nilikukataza, mwanangu?"

"Nimeandika insha moya tu, yana usiku. Nilitaka ufurahi. Nimeeleza nyumba yetu yote, nikamalizia kwa maneno yako."

Raihana akachukua simu. Mwisho wa insha, mtoto wake mwenyewe alikuwa ameandika: *Karibu. Hapa ni kwako.*

"Mwambie atoke!" Alimshika mabega. "Wewe tu ndiwe uwezaye, Razan. Sema 'toka'. Sema sasa hivi!"

Razan, mtoto mtiifu asiyewahi kumjibu mamake vibaya, alifungua kinywa. Ukatoka mvumo wa feni, ukivuta na kutoa, ukivuta na kutoa. Machozi yalikuwa yakimshuka mashavuni, kwani alikuwa akijaribu.

Mlango wa nyuma ukajifunga, kisha wa mbele, wao wakiwa ndani.