Jibu Lililokwenda kwa Wote

"Lori likitoka langoni tumelikosa," redio ilikoroma. "Shangazi, uko wapi?"

"Dakika sita."

"Unazo nne."

Akakanyaga mafuta. Toyota ya kijivu ikapanda ukingo wa barabara na kumkosakosa muuza magazeti. Saa saba mchana, jua la utosi, foleni haina huruma. Kazini, katika idara ya upelelezi, walimwita Shangazi kwa kuwa alifanana na shangazi wa kila mtu: mnene kidogo, miwani, mkoba mkubwa. Mkobani mna bastola ya Glock na sindano za kufumia. Waliowahi kuiona Glock hawakubaki kusimulia habari za sindano.

Simu ikatetemeka mapajani. Nokia ya zamani, ya nyumbani, siyo ya kazi.

Mdogo wake.

Huyo alikuwa karani katika ghala lilelile la dawa ambamo lori lilikuwa likipakiwa, kichwa kigumu tangu utotoni. Miaka miwili sasa aliandika blogu kwa simu tu, habari za vyoo vibovu na zamu zisizoisha. Kila alichoandika kilitumwa papo hapo kama ujumbe kwa kundi lake: simu elfu nne za wauguzi, mafundi, akina mama. Dada mtu aliandikishwa siku ya kwanza. Alisoma yote. Hakujibu hata mara moja. Alijiambia kazi zimembana. Uongo mtupu, aliona ni mambo ya kitoto.

Leo alidhani mdogo wake yuko mapumzikoni. Kumbe wapi.

"Nipo ghalani nyuma ya maboksi," ujumbe ulisema. "Vidonge vya homa vya watoto ni chaki tupu, nimevivunja kwa mkono wangu. Vinapakiwa lori jeupe. Wananitafuta."

Kumpigia ni kuiliza simu mafichoni. Akabonyeza Jibu, kama mtu yeyote angefanya.

"Pita mlango wa nyuma, kwenye jenereta. Nakuja."

Tuma.

Sekunde mbili, Nokia ikatetemeka tena. Ulikuwa ujumbe wake mwenyewe, umemrudia, na juu yake jina la kundi.

Akausoma tena.

Ukijibu kundi lile, jibu halimwendei mwandishi peke yake. Linakwenda kwa wote, wala namba yako haionekani. Na meneja wa ghala alikuwa mwanachama. Mdogo wake alishaliandika hilo kwa kucheka, kwamba bosi kajiunga ili amchunguze. Mtu aliyewahi kujibu hata salamu moja angejua.

"Usitoke," akaandika. "Kaa hapohapo."

Kisha akaona, limeshavuja, basi livuje lote.

"Ghala la dawa, barabara ya reli. Lori jeupe limebeba chaki ya kuwapa watoto wenu. Lizuieni."

Alipokata kona ya reli, barabara ilikuwa imejaa. Wauguzi na sare zao, fundi viatu na nyundo yake, mama mmoja na mtoto mgongoni amesimama mbele ya bampa kama nguzo. Lori lilipiga honi mpaka likachoka.

Meneja alikuwa kando ya dereva, simu mkononi, anasoma. Shangazi akapitisha Glock dirishani.

"Shuka."

"Kwani wewe nani?"

"Shangazi yako."

Pingu zikalia. Akamkabidhi kwa askari wa kwanza aliyefika, akazunguka nyuma.

Mdogo wake alilala kifudifudi kando ya jenereta. Risasi moja. Simu ingali kiganjani. Ujumbe wa mlango wa nyuma alikuwa ameufungua. Ule wa "Usitoke" haukufunguliwa.

Alimgeuza, akamfumba macho, akamfuta vumbi shavuni kama alivyokuwa akimfuta kabla ya shule.

"Shangazi, kazi safi," redio ya mkononi ikasema. Mkuu wa idara mwenyewe. "Mzigo wote mkononi. Kuna hasara?"

"Karani mmoja."

"Pole yake."

Nokia haikutulia. Kundi lilikuwa linawaka. Nani kamwambia apite nyuma? Nani kamuuza kijana wetu?

"Tumeziona jumbe hizo, na tunajua ni wewe," Mkuu akasema. "Tutasema ni mtu wa meneja. Namba haionekani, hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi."

"Usilete hisia hapa. Ukijulikana, kazi huna."

Akaizima redio. Akaandika polepole, kwa kidole kimoja.

"Ujumbe wa mlango wa nyuma niliuandika mimi. Mimi ni dada yake."

Tuma.

Nokia ikatetemeka mkononi mwake. Ikafuata ya mdogo wake, pale chini. Kisha huko barabarani, mifukoni na mikobani, zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Watu wakainamisha vichwa kusoma, halafu wakaviinua.

Shangazi akarekebisha miwani, akaning'iniza mkoba begani, Nokia ingali mkononi, akapita katikati yao bila haraka kuelekea kwenye gari. Walimpisha. Hakuna aliyemsalimu.