Mpaka Boneti Ipoe

Tunduma ni mji wa watu wanaopita, na anayekwambia vinginevyo ana kiwanja anataka kukuuzia. Malori yanapita kwenda Zambia na Kongo, wabadilisha fedha wanapita na mabunda mikononi, na wanaume, jamani, hao ndio wanaopita kuliko wote. Tumpale alikuwa ameshapata wawili wa namna hiyo. Wa kwanza alivuka mpaka kwenda Kitwe kufuata spea, akaoa hukohuko. Wa pili hata kuvuka hakuvuka. Alihamia mtaa wa Majengo tu, akabadilisha namba ya simu. Ndiyo maana Tumpale, akiwa na miaka thelathini na moja, duka lake la mapazia kando ya barabara kuu na wigi zuri la mawimbi, alijiapiza kwamba wa tatu lazima awe mwanaume anayejua kusimama.

Mungu akamletea Lucky Simfukwe. Mungu naye ana utani wake.

Alitokea Jumamosi, saa ya msongamano, ndani ya gari jekundu la spoti la milango miwili, lililotengenezwa Japani kabla mwenyewe hajaota ndevu. Ni aina ile ambayo taa zake huinuka kutoka kwenye boneti. La kwake iliinuka taa moja. Lucky alivaa shati la bluu lililobana, miwani ya jua siku ya mawingu, na manukato ya kutosha ukoo mzima. Watoto walipiga makelele. Watu wazima nao, bila haya, walitoa simu wakapiga picha.

Ukweli ni kwamba gari lilikuwa linachemsha. Lilichemsha tangu wiki aliyolinunua, na Lucky alikuwa radhi kufa kuliko kulisema hilo. Mshale wa joto ulipogusa wekundu aliegesha mbele ya duka la kwanza aliloliona, akazima, akashuka taratibu kama mtu aliyefika anakokwenda. Injini inataka nusu saa ipoe. Sasa nusu saa utaimalizaje mbele ya duka la mapazia?

"Habari ya kazi, dada."

"Nzuri, karibu. Unatafuta pazia la sebuleni au la chumbani?"

"Mimi... nimesimama tu."

"Umesimama tu?"

"Nilikuwa napita. Nikakuona. Nikasimama."

Lo! Katika maneno yote ya Kiswahili, mjinga huyu akaokota hilohilo. Tumpale, aliyekuwa tayari kumfukuza, akajikuta anamvutia kiti.

"Gari lenyewe halina hata dirisha la kuwekea pazia," alimtania.

"Nipimie la nyumba basi."

"Nyumba ina madirisha mangapi?"

"Sijayahesabu. Njoo uyahesabu."

"Mtu wewe! Jina hujanipa, ushanipa nyumba!"

Ferista, anayeuza vitenge duka la jirani, aliyasikia yote. Gari lilipoondoka alisonya. "Huyo ana maneno mengi, na gari lake lina jicho moja."

"Amesimama, dada Ferista. Umeona mwenyewe."

Basi wakapendana. Lucky alikuwa wakala wa mizigo pale mpakani, na kila Jumapili baada ya kanisa alimpitia Tumpale wakaelekea Vwawa au Mlowo. Hawakuwahi kumaliza safari bila kusimama. "Bebi, hebu tusimame hapa tuangalie mandhari," alikuwa akisema, na mandhari yenyewe ni rundo la kokoto. Mara nyingine ni shamba la kahawa. Mara nyingine ni ukuta wa choo cha shule. Tumpale akayeyuka. Wanawake werevu wanaojua kukadiria kitambaa kwa jicho hawajui kukadiria mwanaume, na sitamtetea.

"Ananisimamishia gari nione kahawa inavyoiva!" alimwambia Ferista.

"Wewe umezaliwa Ileje, kahawa hujaiona?"

Lakini injini haina haraka. Sifa za Lucky zilikwisha katika vituo viwili vya kwanza, uongo wake ukakauka katika cha tatu, na kuanzia hapo hakubakiwa na la kusema ila ukweli. Jioni moja ya Juni, baridi ya Mbozi inakata masikio, walisimama kwenye kilima mbele kidogo ya Nanyala. Pale Lucky alimsimulia jinsi mama yake alivyozikwa Kamsamba yeye hayupo. Alikuwa Kapiri, kule Zambia, anatafuta maisha, na aliona aibu kurudi kwa basi, mikono mitupu, watu wakamtazama. Gari hili alilinunua baadaye ili safari nyingine afike kama mtu. Alilia, miwani ya jua usoni.

Tumpale alipanda akakaa juu ya boneti na gauni lake la kitenge. "Weee! Chuma hiki cha baridi, kimeniingia mpaka kiunoni!"

Lucky alimvika koti lake. Walikaa hapohapo mpaka jua likazama, na kabla hawajaondoka Tumpale alikuwa ameamua moyoni kwamba huyu ndiye.

Oktoba wakapanga kwenda Kamsamba, Lucky akamtambulishe kwa mama yake mdogo. Siku mbili kabla, bwana huyu akateguka kifundo cha mguu kwenye bonanza la mawakala na madereva, akikimbilia mpira ambao ulikuwa umeshatoka nje. Tumpale ana leseni. Akavaa gauni la satini la rangi ya chungwa, nywele zimetoka saluni asubuhi hiyo, akashika usukani wa gari lile kwa mara ya kwanza. Walipoanza kushuka bondeni, joto likawapokea.

"Lucky, huu mshale mbona unapanda?"

"Upi?"

"Huu hapa. Unakwenda kwenye wekundu."

"Aa, huo kawaida yake." Akatazama nje harakaharaka. "Bebi, hebu tusimame pale tuangalie mandhari."

Kisha akanyoosha mkono akafungulia hita mpaka mwisho. Upepo wa moto ukampiga Tumpale usoni, nywele za saluni zikalala.

"Unawasha hita? Kamsamba?"

"Inapunguzia injini joto."

Tumpale alisimamisha gari kando ya jaruba la mpunga lililokauka. Alitazama mshale, akamtazama mwanaume, akautazama tena mshale. Kila kitu kikaanza kurudi kimoja kimoja.

"Siku ile ya kokoto?"

"Lilikuwa linachemsha."

"Kwenye kahawa?"

"Linachemsha."

"Mbele ya duka langu?"

Lucky akainama kukandakanda kifundo chake.

"Nakuuliza, mbele ya duka langu!"

"Siku hiyo lilichemsha sana," Lucky akasema, na mimi sijapata kuona mtu mkweli kwa wakati mbaya kiasi hicho.

"Na Nanyala?"

"Tulisimama kwa sababu ya gari." Palikuwa na maneno mengine ya kuongeza hapo, na yalikuwa ya kweli. Hakuyaongeza. Alikuwa anatazama mshale kama umeshuka.

"Wenzio wanabeba dumu la maji kwenye buti," Tumpale alisema. "Wewe ukanibeba mimi. Nikakaa nakusikiliza, nakufuta machozi, kumbe napoza injini! Hata mwizi ana heshima kuliko wewe, mwizi anajua alichokifuata."

Akamtupia funguo mapajani. Pikipiki ya kwanza iliyopita aliipanda na satini yake, vumbi lote lile mpaka Mlowo, na alilia njia nzima bila kujificha.

Lucky alipiga simu kutwa, siku baada ya siku. Alipokelewa mara moja tu.

"Tumpale, mpenzi wangu."

"Gari linachemsha?"

"Hapana."

"Basi pita."

Akakata.

Mwanaume mwenye akili angekwenda dukani kupiga magoti. Lucky alikwenda gereji. Fundi Lusungu alibadilisha feni, gari likachemsha. Akabadilisha mfuniko wa rejeta, likachemsha. Akaizibua rejeta yenyewe, akaiosha kwa sabuni ya unga, likachemsha mpaka likatoa mluzi. Ndipo Lucky alipotazama kidude cha shaba alichokuwa amekitundika kwenye funguo kama pambo.

"Na hii themostati uliyoitoa wiki niliyonunua gari?"

"Hiyo ni ya nchi za baridi. Huku haina kazi." Mafundi wengi wa barabara hiyo husema hivyo, na Lusungu alilisema akiwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu.

Walipofungua wakaona. Gari lile maji yake yana njia mbili, na kidude kile ndicho kinachofunga njia ya mkato. Kikiwa nje, nusu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kuigusa rejeta. Wakaagiza kipya Mbeya, wakakifunga, na mshale ukatulia katikati.

"Sasa aliyekitoa ni nani?" Lucky akafoka.

"Tusitafutane ubaya, kaka," Lusungu alijibu, akainama kufuta spana.

Lucky akampigia Tumpale kwa simu ya Ferista. "Limepona. Panda mara moja tu. Ukishuka na hasira zako, sitakusumbua tena."

Tumpale alipanda kwa dharau, na alivaa kwa dharau: ndala, suruali ya kupigia deki, kichwani kilemba badala ya wigi. Na huyu Lucky, hebu niambie, badala ya kuomba msamaha akaanza kujisifia mshale.

"Unaona? Katikati! Tumeshapita Vwawa, uko katikati!"

Lile rundo la kokoto likapita. Shamba la kahawa likapita. Ukuta wa choo ukapita. Tumpale aliyatazama yote kwenye kioo cha pembeni mpaka yakapotea.

"Kwa hiyo sasa huna haja ya kusimama," alisema.

Lucky akafunga mdomo. Hakuufungua tena mpaka wakaipita Nanyala. Kwenye kile kilima akapunguza mwendo, akatoka barabarani, akazima gari.

"Limechemsha?" Tumpale akauliza.

"Hapana."

"Sasa tumesimamia nini?"

Lucky alikaa anatokwa na jasho, kwenye baridi, mikono kwenye usukani. Kisha akavua miwani.

"Siku ile ya mama, tulisimama kwa sababu ya gari. Hilo kweli. Ila lilipoa mapema, Tumpale. Mshale ulishuka hata sijafika nusu ya habari. Nikaendelea kukaa."

"Mwo..." Tumpale alianza, lakini neno halikutoka lote. Alikuwa amekumbuka kiuno chake mwenyewe. Chuma kile alikikalia kikiwa cha baridi mpaka akapiga kelele; injini ilikuwa imeshapoa, na bado walikaa mpaka jua likazama.

Machozi yakaja, akayafuta kwa ncha ya kilemba, akamkasirikia Lucky kwa kuyaona. Kisha akafungua mlango, akazunguka mbele, akajitupa juu ya boneti. Akaruka palepale.

"Inaunguza!"

"Tumetoka Tunduma bila kusimama, lazima iwe na moto."

"Basi tusubiri ipoe."

"Ikipoa?"

"Nitakaa. Na wewe utaniambia ulichonileta kuniambia."

"Siwezi kusubiri," Lucky alisema. "Nataka kuleta mshenga Ileje kwa baba yako. Lakini kwanza twende Kamsamba, kwa mama mdogo, na kaburini."

"Na gari hili? Nipigwe na hita tena?"

"Kwa basi."

Tumpale akamgeukia. "Wewe? Kwa basi, Kamsamba, watu wakikutazama?"

"Wanitazame."

Malori yalipita, moja baada ya jingine, yakipiga honi kwa kuliona gari jekundu lenye taa moja iliyoinuka; maana hiyo nyingine mpaka leo haijatengenezwa, na sina matumaini nayo. Tumpale alimvua Lucky koti, akajitupia begani bila kuomba. Akaweka kiganja juu ya boneti.

"Bado," alisema, na wakaendelea kusubiri.