Mashine Mbili za Mama Fizza

Mie kuongea ndiyo kazi yangu, na simwombi mtu radhi. Umewahi kusikia spika ya muuza dawa inapita mtaani, mwanamke anasema, "Kunguni, mende, panya, viroboto, dawa yao hii hapa"? Basi yule ni mimi, Munira wa Mabibo. Narekodi ndani ya kabati la nguo, blanketi kichwani, jasho linanitoka, na wafanyabiashara mpaka wa Mbagala wananifuata. Sauti hiyo ndiyo inamlisha mwanangu Wafa. Sina mume, sina duka, sina shamba. Nina koo tu.

Laptop yangu ya zamani ilipokufa, kelele zikaanza. Kaka yangu Twalib, fundi simu, akasema nichukue ya Windows: ikiharibika kila kona kuna fundi, na programu unawekewa kwenye flashi. Rafiki yangu Demetria, anayerekodi kwaya ya kanisani kwao, akasema nikichukua hiyo nisimpigie tena simu kumlilia, kazi ya sauti ni Mac. Wiki nzima wananivuta huku na huku, mpaka nikawachoka wote wawili.

Ijumaa nikaona tangazo mtandaoni. Laptop mbili zipo Kawe, Mac na ya Windows, mteja achague mwenyewe. Nikapanda bodaboda. Nafika, jua linazama.

Mlango ulifunguliwa na mama wa Kihindi, mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mie Nurbanu, watu wananiita Mama Fizza." Akashusha sauti. "Ingia, mwanangu. Taratibu."

Fizza mwenyewe alikuwa kwenye kochi, binti wa miaka ishirini na kitu, ameshika daftari na kalamu. Nikamsalimu. Akatikisa kichwa, akaandika: karibu.

"Hasemi," mama yake akaninong'oneza. "Mwaka wa tatu huu. Alikuwa anasoma mashairi ya maombolezo kwenye majlisi za kina mama, watu wanalia mpaka basi. Jioni moja tu, sauti ikaondoka."

Nikampa pole. Nilimwonea huruma kweli.

Mashine zilikuwa mezani, zote mbili zimefunguliwa, zinawaka. Nikauliza kama mteja yeyote anavyouliza.

"Mama, kati ya hizi, ipi nzuri?"

"Siwezi kukuchagulia."

"Nishauri tu. Si wewe ndiye muuzaji?"

"Chagua mwenyewe."

Mie nanunua vitu Kariakoo tangu nina akili. Muuzaji asiyesifia mali yake sijawahi kumwona, hata wa nyanya zilizooza atakuapia ni za leo asubuhi. Huyu alikuwa anausokota mtandio wake kwa vidole, macho sakafuni. Ningeaga pale pale. Lakini nilishaahidi watu matangazo manne ifikapo Jumatatu, na ujuaji wangu nao haukunisaidia.

Nikaijaribu ya Windows. Haina tatizo. Nikahamia kwenye Mac, nikainamia kibodi.

Harufu...

Hafifu, inatoka katikati ya vitufe. Harufu ya kinywa cha mtu aliyefunga tangu alfajiri. Nikadhani ni mimi. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikavuta pumzi tena. Ipo.

Nikafungua maiki. "Moja, mbili, tatu, kunguni." Nikasikiliza. Jamani, sauti ilitoka safi, kabatini kwangu sijawahi kupata kitu kama kile. Demetria kashinda, nikasema moyoni.

"Nachukua hii."

Mama Fizza akafumba macho. "Umeitaka mwenyewe?"

"Nimeitaka."

Adhana ya magharibi ikaanza nje. Mama akaingia chumbani kutafuta chaja. Ndipo mashine ikaniita.

"Munira..."

Taratibu, kama bibi anavyoita kutoka jikoni. Na jina langu sikuwa nimelitaja mle ndani.

Sasa unielewe. Mie nimelelewa na bibi, Temeke. Kwa bibi mtoto wa kike akiitwa anaitikia hapo hapo, ukichelewa ni kofi. Na bibi huyo huyo alitukataza kuitikia magharibi mpaka tuitwe mara tatu, maana wapo wanaoita mara moja tu. Yote mawili nayajua. Lakini mdomo haukungoja.

"Abee."

Basi.

Kioo kikazima, kikawaka. Kooni nikasikia kitu kinavutwa, polepole, kama uzi unavyochomolewa kwenye nguo. Hakiumi. Nikataka kumwita mama wa watu.

Hewa tu.

Nyuma yangu, kwenye kochi, mtu akakohoa.

"Mama... mama, njoo. Nasema."

Ilikuwa sauti yangu.

Nikageuka. Fizza amesimama, daftari limeanguka, amejishika koo kwa mikono miwili na machozi yanamtoka. Mama yake akaja mbio, wakakumbatiana pale, binti anaongea na kuongea, na kila neno ni langu. Nikakaa chini.

Mama Fizza akanigeukia. Usoni hakuweza kuniangalia.

"Nisamehe. Yeye naye aliwekewa mbili, achague. Ukimchagulia mtu, mashine haimchukui sauti. Lazima aseme mwenyewe. Nani aliyeanza, mie sijui. Kama kwenye ile nyingine kuna kitu, pia sijui." Akamshika binti mkono. "Nina mtoto mmoja tu."

Matusi yote ya Temeke nayajua. Hata moja halikutoka. Akaitia Mac kwenye mfuko. Halafu, bila kuombwa, akaiweka na ile ya Windows juu yake. Pesa alizikataa.

"Utazihitaji zote mbili," akanong'ona.

Leo ni wiki ya tano. Hospitali wamelipiga koo picha, wanasema zima. Wafanyabiashara wamepata mwanamke mwingine. Haya nayaandika kwa simu. Wafa ana miaka sita, mwanzoni alikuwa ananiuliza kwa nini simsemeshi. Siku hizi haulizi. Juzi alitaka maji, akanionyesha kikombe kwa kidole, akafungua mdomo bila kutoa sauti, kama ninavyofanya mimi. Nililia usiku kucha, na kulipokucha nikaweka tangazo la laptop mbili.

Amejitokeza dada mmoja, Hayat. Amenitumia ujumbe wa sauti: anafundisha chekechea, watoto wanampenda akiwaimbia, naomba dada unishauri ipi itanifaa. Nimeusikiliza mara nyingi. Ana sauti nzuri sana. Nikamjibu kwa maandishi kwamba ni bora aje aone, achague mwenyewe.

Wafa nimempeleka kwa Twalib. Mashine zipo mezani, zinawaka. Adhana imeanza, na mtu anapiga hodi mlangoni, kwa adabu, mara ya pili sasa. Naenda kumfungulia.